Kalenda ya Posta na Divai ya Roseline

Jumapili, 10 Machi

Miaka hamsini na moja natia divai ya povu chupani, na sijakosea mwezi hata mara moja. Hata mara moja! Bonde zima, kuanzia Limoux mjini mpaka huku kwetu mlimani, wanajua: ukitaka siku nzuri ya kutia chupani, nenda kwa Baptistin Escande.

Haya. Uongo.

Sijakosea kwa sababu sijawahi kuchagua. Aliyekuwa akichagua ni Léontine, mke wangu. Anavaa miwani, anasimama mbele ya kalenda ya posta nyuma ya mlango wa jikoni, anaweka kidole. "Siku hii." Basi. Mimi nabeba chupa. Nikitoka nje nawaambia watu nimechagua mimi, na yeye anacheka huko ndani. Sasa hayupo, tangu vuli iliyopita. Daftari hili alilinunua yeye, kwa hesabu za kuku. Kuku wenyewe wamebaki watatu, hawahitaji hesabu.

Leo amekuja Roseline. Binti wa marehemu mdogo wangu. Amechukua likizo ya mwaka mmoja, bila mshahara, kutoka ofisi ya bima kule Toulouse, aje alime mizabibu ya baba yake. Mwaka unaisha tarehe mosi Juni. Divai yake ikipata mnunuzi, anabaki. Isipopata, anarudi kwenye kile kiti chake kinachozunguka, na shamba linauzwa kwa mtu wa mbali atakayeweka bwawa la kuogelea.

"Ba'mkubwa, kitabu kinasema nipime sukari ndiyo nijue siku. Lakini watu wote wananiambia nikuulize wewe."

"Kitabu hakina macho."

"Na wewe unayo? Miwani yako iko wapi?"

Sijaiona tangu Krismasi, lakini hiyo si habari yake.

Sisi divai yetu hatuitilii kitu. Inatiwa chupani kabla haijamaliza kuchemka, inajipigia povu yenyewe humo ndani. Lakini lazima iwe mwezi wa Machi unaopungua. Mwezi mkongwe, divai inatulia. Mwezi unaokua, inapandwa na wazimu. Ndivyo tulivyofundishwa. Waliotufundisha walifundishwa na nani? Sikuuliza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilishatoroka shule, sikutaka maswali tena.

Nikasimama mbele ya kalenda. Picha ya paka wawili ndani ya kapu. Vimwezi vidogo vidogo kama kucha zilizokatwa. Nikaweka kidole kama alivyokuwa akiweka Léontine. Nikatoa sauti ya askofu.

"Tarehe kumi na mbili."

Akaandika kiganjani mwake. Kiganjani! Kama mtoto. Nimejisikia mkubwa mchana wote.


Jumanne, 12 Machi

Tumetia. Chupa mia nane na arobaini. Mgongo umekufa. Vidole vimekufa. Upepo wa bahari wiki nzima, mawingu yamelala juu ya mapaa, hata mnara wa kanisa hauonekani.

Ferréol Tisseyre alikuja kusaidia. Jirani yangu. Tunagombana tangu tulipokaa dawati moja. Anabeba kreti huku ananitazama pembeni.

"Una hakika na siku?"

"Nina hakika kuliko wewe na jina lako."

"Haya. Nimeuliza tu."

"Na wewe mbona hujatia?"

"Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Nangoja tu."

Kobe! Roseline kacheka mpaka kaketi juu ya ndoo. Amekata kucha zake nzuri za Toulouse. Sasa mikono yake ni ya baba yake kabisa, hata ule mkunjo wa kidole gumba.


Ijumaa, 15 Machi

Upepo umegeuka. Cers, ule upepo wetu wa bara, imevuma toka asubuhi, imefagia mawingu yote. Jua linazama, nikatoka kufungia kuku.

Mwezi!

Juu kabisa, upande wa kusini. Nusu. Tumbo limeelekea lilikozama jua. Nikasimama na kuku mkononi. Mwezi unaopungua hauonekani saa hizi, huwa bado umelala. Huu ni mchanga. Huu unakula na kunenepa.

Nimetafuta miwani. Imo ndani ya buti la mvua, mguu wa kushoto. Nimevaa, nimekwenda nyuma ya mlango, nimesoma juu kabisa ya paka. Elfu mbili na kumi na nane.

Kalenda ya mwaka jana.

Mpya tarishi wa posta aliileta Krismasi, nikampa chake, nikaitia mtotoni mwa meza. Ina picha ya mnara wa taa baharini. Léontine aliwapenda hawa paka. Sikutaka kuwatoa.

Nimeitoa ile mpya. Machi, tarehe kumi na mbili. Mwezi mwandamo ulikuwa na siku sita tu. Chupa mia nane na arobaini!


Jumamosi, 16 Machi

Nilikwenda kumwambia Roseline. Akanipa supu. Mtu hawezi kusema jambo kama lile na kijiko mdomoni. Supu nzuri. Nikala bakuli mbili. Nikarudi.


Jumapili, 24 Machi

Ferréol ametia zake jana. Mwezi unapungua, sawasawa kabisa. Nimemfuata mpaka kwake.

"Ulijua!"

"Nilijua nini?"

"Mwezi!"

"Nilikuuliza una hakika. Ukaniambia kuliko jina langu. Mimi nani nibishane na bwana mwezi?"

"Ungesisitiza."

"Miaka sitini nakusisitizia, Baptistin. Umewahi kusikia?"

Hortense, mkewe, alikuwa anapita na birika la kahawa. Alimmiminia yeye. Mimi hakunimiminia. Si kitu, nimezoea.

"Mwambie mtoto," Ferréol akasema.

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Ikitulia."


Alhamisi, 18 Aprili

Haijatulia.

Saa nne asubuhi — paa! Kama bunduki ya wawinda nguruwe. Roseline kaja mbio, aproni imelowa.

"Ba'mkubwa, chupa imepasuka! Ni kawaida?"

"Kawaida kabisa."

"Ya tano wiki hii."

"Kawaida ya juu."

Nimeshuka naye ghalani nikiwa na sufuria kichwani na mfuniko mkononi. Kacheka mpaka kikohozi. Tumezifunika chupa kwa magunia yaliyoloweshwa. Harufu ya humo ndani — matufaha na mkate mbichi! Nilitaka kulamba ukuta. Sikulamba. Haya, nililamba kidogo, alipogeuka.

Angenigeukia wakati ule ningemwambia. Alikuwa anaokota vigae vya chupa huku anaimba.


Jumatano, 8 Mei

Sikukuu. Tumeonja.

Roseline alikuwa ametumbukiza chupa moja kwenye hodhi la maji ya mlimani tangu alfajiri. Tulikuwa watatu, yeye na mimi na Ferréol, kwenye benchi mbele ya ghala. Nilikuwa nimeshatayarisha uso. Uso wa mazishi yenye heshima.

Roseline akakata uzi unaofunga kizibo. Kizibo hakikungoja aguse! Kimepita juu ya banda la kuku. Povu kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, theluthi nzima imekwenda kwenye kokoto. Iliyobaki akaigawa kwenye glasi tatu. Rangi ya majani makavu, na ukungu kidogo, kama kawaida ya divai yetu isiyochujwa.

Nikanywa.

Mungu wangu.

Tufaha. Si la dukani — lile lililoanguka kwenye nyasi, nyuki wakaliona kabla yako. Halafu asali. Utamu unakuja, unataka kukaa, na kabla haujakaa uchachu unaufukuza. Na mapovu! Madogo, mengi, yana haraka, yanagombania ulimi. Nina miaka sabini na saba. Divai yetu nimeinywa kuliko maji. Hii sijawahi kuinywa.

Ferréol kapiga mafunda matatu. Kisha:

"Ina kelele."

"Divai gani ina kelele?" Roseline kauliza.

"Weka sikio."

Tukaweka masikio kwenye glasi, watu wazima watatu. Kweli. Kama mvua ya kwanza kwenye majani makavu. Angepita padri angetuombea.

Ferréol akaenda kwake, akaleta ya kwake tulinganishe. Imetiwa siku yake, mwezi wake, kila kitu chake. Nzuri. Safi. Inakuamkia, inakaa kitini, haina habari nyingine. Akaishika glasi juani muda mrefu, sura imemnyong'onyea.

"Yangu imelala," akasema. "Hii inacheza."

Mara ya mwisho Ferréol kusifu kitu ilikuwa harusi yangu. Na hapo alisifu mkate.

Basi mimi sijui tena. Ni mwezi mchanga uliofanya hivi? Au ni mikono ya mtoto? Alizichuma zabibu zile taratibu, kichala kwa kichala, sisi tukimcheka. Au hata huo mwezi haujali, uko zake huko juu, na sisi tumeutazama bure miaka yote?

Hili la mwisho nisilirudie. Hata humu.

Ndipo Roseline akatoa habari. Kuna Bibi Galinier, mwenye nyumba ya wageni karibu na daraja, njia ya Carcassonne. Meza ishirini. Anataka divai moja ya povu kwa msimu mzima wa kiangazi. Si Champagne. Anasema Champagne watu hungoja mtu aoe ndiyo wafungue, na siku hizi hawaoani. Anataka chupa ambayo fundi bomba anaweza kuiagiza Jumatano na samaki wake bila kumpigia simu mkewe kwanza. Anakuja kuonja tarehe ishirini na tano.

"Nimemwandikia barua," Roseline kasema, macho yanang'aa. "Nimemwambia siku ya kutia chupani ilichaguliwa na Ba'mkubwa wangu, kwa mwezi mkongwe wa Machi, kama zamani."

Povu likanitokea puani. Nikasema ni chachu.


Jumatatu, 20 Mei

Ofisi ya Toulouse imempigia. Wanataka kujua kama anarudi, kiti chake kimewekewa mtu wa muda. Kawaambia atawajibu Jumatatu ijayo. Alipokata simu akaanza kupiga pasi blauzi ambayo haikuwa na kunyanzi hata moja.

Chupa kumi na tisa zimepasuka jumla. Tangu wiki iliyopita hakuna tena. Zilizobaki zimeamua kuishi.

Ferréol: "Mwambie."

"Baada ya Jumamosi."

"Ukishauza uongo?"

"Siuzi mimi. Mimi nakaa tu pembeni nikiwa mzee."

"Hiyo kazi unaiweza."

Nimemfukuza. Karudi baada ya dakika kumi, alisahau kofia. Nikamfukuza tena.


Jumamosi, 25 Mei

Niandike haraka, wananingoja.

Kaja saa tano kamili. Bibi Galinier — mwanamke mrefu, viatu vya shambani, sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Hakutaka kuingia sebuleni. "Divai naionjea pale inapolala." Roseline kaweka meza mbele ya ghala, chini ya dirisha langu la jikoni: jibini ya mbuzi, soseji kavu, vibiskuti vyetu vya pilipili manga. Ile blauzi. Anazipanga sahani na kuzipanga tena, mpaka zinaongea.

Kizibo kikatoka, kikagonga mfereji wa paa, kikamwangukia Ferréol kwenye kofia. Hakuna aliyemwalika, lakini alikuwapo. Bibi Galinier hakucheka. Kanusa. Kazungusha. Funda la kwanza akatema kwenye ndoo, kitaalamu kabisa.

La pili hakutema.

Nilikuwa namtazama koo. Lilishuka! La tatu akakata jibini kwanza. La nne akamsogezea Roseline glasi bila kusema kitu, na mtoto akamjazia, na mimi nikapumua, nadhani tangu Machi nilikuwa sijapumua.

"Binti," akasema, "nani alikufundisha?"

"Baba. Kidogo. Na kitabu. Na Ba'mkubwa huyu hapa, kwa mwezi."

"Inaamsha watu hii. Mtu akinywa hii, anaagiza na kitamutamu." Akafuta midomo. "Nachukua zote ulizo nazo. Na za mwakani uniwekee."

Roseline alishika ukingo wa meza. Ferréol akavua kofia. Mimi nikala kibiskuti, pilipili ikanikaba, nikatoa machozi, wakadhani ni mambo ya moyo.

Hapo ingekuwa mwisho. Lakini yule mama akafungua mkoba.

Akatoa vikadi. Vimechapwa tayari, vya kusimamisha mezani, ishirini, na mchoro wa hilali pembeni. Vimeandikwa kwamba divai hii imetiwa chupani kwa mwezi mkongwe wa Machi, kwa uchaguzi wa mzee wa nyumba. Na chini, mstari wa sahihi.

"Mzee atie sahihi yake ya mkono. Wateja wangu wanapenda. Na mimi napenda, msidhani ni biashara tu. Babu yangu hakutia chupani hata siki mwezi ukikua."

Ferréol akageuka akawa anautazama mlima kama hajawahi kuuona.

Kalamu ya yule mama haikuandika. Alisugua, akapuliza, wapi. Nikaruka: "Naleta mimi!" Nikaingia jikoni.

Kalamu ninayo. Ndiyo hii ninayoandikia. Nimekaa hapa robo saa.

Nikitia sahihi, Roseline anabaki. Rahisi. Sahihi yangu ni mkwaruzo tu, hata posta hawaisomi. Nimedanganya maisha yangu yote — nguruwe pori niliowapiga, karata, umri. Lakini uongo wangu nilikuwa nautembeza mwenyewe na jioni narudi nao nyumbani. Huu utasimama juu ya meza ishirini, jina la mtoto juu, langu chini, na yeye hajui. Na mwakani je? Mwakani yule mama atataka hii hii. Nitamchagulia Roseline mwezi mkongwe wa kweli, na tutapata divai ya Ferréol, inayoamkia na kukaa. Au nitachagua kwa siri mwezi mchanga, na kila Machi nidanganye tena, mpaka nife, halafu nani atamwambia?

Nisipotia sahihi, huenda mama anafunga mkoba. Jumatatu Toulouse.

Nawasikia kupitia dirishani.

"Mzee amekwenda kuitengeneza hiyo kalamu?"

"Atakuwa anatafuta miwani yake," Roseline anasema. Anacheka. Lakini cheko fupi.

"Au analala," anasema Ferréol. Mshenzi.

Nimeinuka mara mbili kwenda mlangoni. Mara mbili nimerudi kukaa. Miguu inakubali, mdomo unakataa. Nikimtazama yule mtoto usoni nitasema kitu kingine, najijua, nitachekesha, na nikishachekesha nitatia sahihi.

Ferréol kakaa chini ya dirisha hili hili. Naiona kofia yake kutoka hapa. Nitauchana ukurasa huu na kumdondoshea, karatasi nyingine humu hamna. Chini hapa ndipo asome:

Ferréol. Usigeuke, na usisome kwa midomo.

Unakikumbuka kitambaa cha meza cha Hortense, kile cha harusi ya dada yake? Kilichoungua tundu? Ilikuwa sigara yako. Nikasema ni kiko changu. Miaka tisa sijaonja kahawa nyumbani kwako, na sijafungua kinywa.

Leo nilipe. Kidogo tu. Inuka, uwaambie wewe. Sema hivi: mzee alisoma kalenda ya mwaka jana, divai hii ni ya mwezi mchanga. Basi. Usipambe. Anza kwa kumtazama Roseline, yeye ndiye asikie kwanza, ndipo huyo mama.

Wakicheka, gonga dirisha, nitatoka.

Wasipocheka, usigonge. Mmiminie mama glasi nyingine, mjaze mpaka juu, na umwombe kwa ajili yangu ainywe yote kabla hajasema neno.